Msilaumu Gari ya Stima, Laumuni Aliyewafungia Dashikamu

Imekuwa mtindo sasa, gari ya stima ikikataa kuwaka tu, kila mtu anakuwa injinia. "Betri imekufa hiyo, andaa milioni." Juzi ilikuwa zamu ya jirani yangu. Nissan Leaf yake ya stima aliiacha JKIA Ijumaa akapanda ndege kwenda Kisumu matangani, Jumatatu anarudi, gari kimya. Rimoti haifungui, dashibodi giza totoro, na alikuwa ameiacha na chaji asilimia 80! Akaita gari la kuvuta, akalipa kwa uchungu, mtu akapiga video ikishushwa hapa kwetu, na kabla hajaingia kwa nyumba video ilikuwa imezunguka magrupu yote ya estate. Wajuaji wakatoka mashimoni. Si tulisema. Ungenunua Demio. Mchina na Mjapani wanatutupia takataka. Na huyo wa mwisho yeye mwenyewe anaendesha Probox ambayo kila asubuhi inasukumwa na watoto wa shule.

Mimi hizi vitu zinanikera kwa sababu nimeendesha gari ya stima muda sasa na najua mahali pa kuangalia kwanza. Nikashuka parking na mita yangu, tukafungua bonneti, nikapima ile betri ndogo ya volti 12. Volti tisa na kitu. Tukaijampu na Vitz ya dada wa block ya pili, gari ikaamka hapo hapo, chaji ile ile, hakuna kitu imeungua, hakuna milioni ya kuandaa. Na unajua nani alikuwa wa kwanza kuamka? Dashikamu, ile kamera ya kurekodi barabara. Imebandikwa kwa kioo, taa ya buluu inapepesa, inasema kwa Kiingereza cha Shenzhen kwamba imeanza kurekodi.

Ukiwa na gari ya stima hii unaijua lakini wacha niirudie kwa ajili ya wale wa video. Ile betri ndogo ndiyo inawasha kompyuta, inafungua milango, na ndiyo inafunga zile kontakta zinazoruhusu stima ya volti 350 hivi itoke kwa betri kubwa. Ndogo ikilala, ile kubwa hata ikiwa imejaa pomoni, ni kama pesa kwa M-Pesa na umesahau pin. Hata kuichomeka kwa chaja haisaidii, kwa sababu gari yenyewe haijui kama umeichomeka. Halafu hakuna alternata huku. Kinachojaza ndogo ni konvata inayoshusha stima ya ile kubwa hadi volti 13 au 14, na hiyo konvata inafanya kazi gari ikiwa imewashwa au ikiwa kwa chaji. Ukipaki ukaenda zako, konvata imelala. Kamera haijalala.

Fanya hesabu. Kamera ya mbele na nyuma inayorekodi bila kupumzika inaweza kula kama ampea 0.4. Zidisha kwa saa 24, hiyo ni karibu ampea-saa 10 kwa siku. Betri ndogo ya Leaf ikiwa mpya ni kama ampea-saa 45, na yako si mpya, imekuja na meli kutoka Japan ikiwa na miaka yake, na betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. Ijumaa hadi Jumatatu. Kwani ulitarajia nini? Kuna gari zinazojisaidia, kwa mfano Hyundai Kona ina mpango wa kuamka yenyewe na kuijaza ndogo kutoka kwa kubwa, na hata Leaf inajiongezea kidogo ikikaa, lakini haikutengenezwa ilishe kamera ya mtu siku tatu mfululizo.

Nitakubali kitu kimoja, na nakubali shingo upande: ni aibu kampuni kutengeneza gari ya bei hiyo yote kisha iweke betri ndogo hivyo na isikupe hata onyo la maana kabla haijakufa. Sawa. Lakini gari ilitengenezwa ikiwa haina hiyo kamera. Kamera uliiweka wewe, au zaidi sana, aliiweka fundi wako.

Na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Mafundi wa waya hii Nairobi nimewagawa mara mbili. Kuna yule mwoga. Unafika, unafungua bonneti, anaona zile waya nene za rangi ya chungwa zinazobeba stima ya betri kubwa, anarudi hatua mbili nyuma. "Madam, hii siguzi, hii inaua." Simlaumu, ya chungwa inaua kweli na hakuna mtu anafaa kuishika bila mafunzo na vifaa. Lakini dashikamu haina shughuli yoyote na waya ya chungwa! Kazi yote iko ndani, chini ya dashibodi, kwa fyuzi za volti 12, mambo yale yale anayofanya kwa Fielder kila siku. Ukimweleza anakuangalia tu na huruma.

Huyo mwoga hata hivyo ana afadhali, maana gari yako inarudi nyumbani ikiwa nzima. Shida ni yule asiyeogopa. Nilimpata mmoja pande za Ngara, ana watu wamepanga foleni, nikadhani ndiye. Akang'oa plastiki ya chini ya mlango na bisibisi, akavuta bunda la waya, akachagua moja kwa macho tu, hakupima kitu. Akaivua ganda na meno. Na meno, jamani. Akazungushia waya ya kamera, akafunga tepu nyeusi, akapiga kofi kidogo, "imeshika hiyo." Mimi nimeinama nyuma yake na tochi ya simu, nikafuata hiyo waya na kidole mpaka inapoingia, na inaingia kwa soketi ya manjano. Gari ya kisasa ukiona soketi ya manjano hiyo ni eabegi.

"Toa."

"Madam, hii kazi nimefanya miaka kumi."

"Toa tu, kaka. Nitakulipa ya kutoa."

Akatoa huku akinung'unika kwamba wamama wa siku hizi wanasoma sana YouTube. Ndiyo, tunasoma. Na nikalipa ya kutoa, na nikalipa mwingine anirudishie ganda la hiyo waya vizuri, na huyo mwingine ndiye aliyenionyesha vile kazi inafanywa. Kwanza alikuja na mita, si ile testa ya balbu. Akafungua boksi la fyuzi, akapima moja moja gari ikiwa imewashwa, kisha akazima, akafunga milango, akaniambia tungoje. Nikamuuliza tunangoja nini. "Kompyuta zilale. Saa hii bado zinaongea." Tukakunywa soda kwa kiosk. Tuliporudi ndipo akapima tena, na fyuzi mbili zilizokuwa na stima zikawa hazina. Sasa hapo ndio unajua gani ni ya kudumu na gani ni ya swichi. Fundi asiyengoja gari ilale anabahatisha.

Kit ya maana ya kuungia kamera kwa gari ina waya tatu. Nyekundu kwa fyuzi inayowaka na swichi, ile ya soketi ya sigara kwa mfano. Manjano kwa fyuzi ya stima ya kudumu. Nyeusi kwa bodi, bolti ya chuma tupu isiyo na rangi, spana namba kumi. Hazikatwi waya za gari hata moja, unatumia fyuzi tapu, vile viunganishi vya kuchomeka kwa nafasi ya fyuzi, kila moja na fyuzi yake ndogo ya kulinda kamera, na hauguzi fyuzi ya eabegi, breki wala usukani. Na ile kebo inayoshuka kwa nguzo ya kioo ipite nyuma ya eabegi ya pembeni, si mbele yake, kwa sababu siku ya ajali hicho kitu kinafunguka kwa nguvu na kebo yako iko njiani. Kazi ya mchana mmoja, basi.

Ya jirani yangu? Nyekundu na manjano zilikuwa zimesokotwa pamoja na kuingizwa kwa stima ya kudumu. Yaani kamera haikuwahi kujua kwamba gari imezimwa. Kwake yeye, ile gari iliyopaki JKIA ilikuwa safarini siku zote tatu, na inarekodi kwa nguvu zake zote ukuta wa parking.

Halafu kuna ile swichi ndogo ya kit ambayo hakuna mtu anaiangalia, ya kukata stima volti zikishuka. Zinakuja na 11.8, 12.0, 12.2, 12.4, na fundi anaacha vile ilitoka kwa boksi. Kwa betri ya asidi volti 12.2 tayari ni kama nusu, 11.8 ni maiti. Weka 12.4 ulale usingizi. Na wenye BYD sikilizeni, betri yenu ndogo kwa nyingi za hizo gari si ya asidi, ni ya LFP, aina ya lithiamu, hiyo inakaa volti 13 na kitu karibu maisha yake yote halafu inaanguka ghafla, ikifika 12.0 imebakisha matone. Kit iliyopangwa kwa asidi haitawaokoa. Na gari zetu zina vituko vingine: ukiziweka kwa chaji usiku, kuna fyuzi za swichi zinazoamka zenyewe, basi kamera inadhani unaendesha, inarekodi geti la caretaker hadi asubuhi na kufuta ile klipu uliyoitaka. Ndio maana nasema pima gari ikiwa imezimwa, ikiwa imewashwa, na ikiwa imechomekwa. Kama hutaki haya maneno yote, zima kabisa parking modi, ile ya kurekodi gari ikiwa imepaki, ukisafiri, au nunua ile betri ya pembeni ya kamera inayojichaji ukiendesha na kuilisha ukipaki. Bei yake inauma lakini gari la kuvuta kutoka JKIA pia linauma.

Na msiseme napinga kamera. Mimi kwa hii Nairobi siendeshi bila. Mtu wa boda anakugonga kioo Outering kisha wenzake ishirini wanakuzunguka wote walishuhudia wewe ukiwa na makosa. Matatu inakuchomekea Jogoo Road, inakukwaruza, makanga anashuka akikutukana mamako. Unafika kituo kuchukua abstrakti, ni neno lako na lao. Afande mmoja alinisimamisha Waiyaki Way, amekuja na ule mwendo tunaoujua, akainama dirishani, akaona taa ya buluu, akanyooka. "Safari njema, madam." Hata leseni hakuuliza. Ila mjue video peke yake haitoshi mahakamani, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B inataka cheti cha kuonyesha ilirekodiwa na kutolewa vipi, kwa hivyo usiikate, usiiwekee muziki, na usikimbie nayo TikTok na sura za watu na namba za gari, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na wanaoijua wako.

Sasa, jirani baada ya haya yote, tumemaliza kumtolea ule uchafu wa waya, ananiuliza kama kwa hiyo hiyo fyuzi tunaweza kuunga na kinusa-rada, kile kifaa cha kukuonya polisi wakiwa mbele wanapima spidi. Ameona kimoja mtandaoni.

Kuunga kunaunganika. Weka upande wa swichi, usiweke upande wa kudumu, kizime gari ikizima. Lakini kitanusa nini? Hivyo vitu vinasikiliza mawimbi ya K kwenye GHz 24 na Ka juu yake, na GHz 24 ndiyo hiyo hiyo ya sensa za pembeni za gari nyingi na milango ya supamaketi inayojifungua, kwa hivyo ukipita mall yoyote Thika Road kitapiga kelele kama kimeona simba. Na afande akiwa na ile bunduki ya leza ya kupima spidi, kinusa kitalia vizuri sana, wakati tayari ameshakusoma na anainua mkono. Leza haisambai njiani ikikungoja, inakupiga wewe. Hapa kwetu onyo la kweli ni dereva wa matatu anayetoka mbele akikupigia taa mara mbili, na huduma hiyo ni ya bure tangu zamani.

Zaidi ya yote, kaka, una Leaf ya kWh 24 iliyozeeka. Ekspresiwei mwisho ni 80. Ukivuka 90 unaona asilimia zinashuka ukiangalia, na kupanda Limuru unazima AC na kuomba. Hiyo spidi ya kuogopa rada utaitoa wapi?