Nikeli Haitoshi Kukinga Kimondo Mombasa

Mzozo ulizuka barazani, Mji wa Kale, baada ya Alasiri, kahawa tungu ikizunguka. Mzee wetu mmoja, baharia mstaafu, ana bapa la kimondo cha chuma, upana wa kiganja, ameliweka wazi kwenye rafu ya sebuleni ili kila mgeni alishike. Mjukuu wake anamsihi alitie kwenye kisanduku kisichopitisha hewa. Mzee hataki kusikia. Kimondo kina nikeli, asema, na nikeli hailiki na kutu. Kilichodumu miaka bilioni 4 na nusu huko juu, hewa ya Mombasa itakifanya nini? Wengi walimuunga mkono. Naona kijana hakusikizwa.

Mzee ana mashahidi wazito. Kimondo cha Hoba, kule Namibia, kina tani kama 60 na nikeli asilimia 16, na kimelala ardhini yapata miaka 80,000. Kimondo cha Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, kiko nje, kwenye jua na mvua. Jambia la Tutankhamun, Farao wa Misri, lililofuliwa kwa chuma cha kimondo na kutolewa kaburini mwaka 1925, lilipimwa tena na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: nikeli karibu asilimia 11, na makali yake bado yang'aa baada ya miaka zaidi ya 3,300. Isitoshe, mtoto aliyelishika bapa lile akahisi uzito wake hulikumbuka daima, na kisanduku kitamnyima hilo.

Ila hiyo nikeli yenyewe tuitazame vizuri. Mtu akisikia chuma chenye nikeli, huwaza stenlesi ya jikoni. Stenlesi ya kawaida ina takriban asilimia 18 ya kromi na 8 ya nikeli. Asilimia 8! Ndicho kiasi unachokikuta kwenye vimondo vingi vya chuma, na hapo ndipo watu hukosea. Kinachozuia kutu ni ile kromi, metali nyingine, inayofanya utando mwembamba usioonekana kwa jicho, ukikwaruzwa hujirudi wenyewe. Ikipungua chini ya asilimia 10 hivi, chuma hakiitwi tena stenlesi. Tena zipo stenlesi zisizo na nikeli kabisa. Sumaku huzinasa, na bado hazishiki kutu ovyo. Kimondo kina nikeli ya kutosha, lakini kromi yake ni chembe tu. Kukitegemea kijikinge kama sinki la jikoni ni kukitwika kazi kisiyopewa.

Na hata hiyo nikeli haikuenea sawasawa. Chuma hiki kilipoa taratibu mno ndani ya sayari ndogo, kwa mamilioni ya miaka, kikajigawa tabaka mbili: kamasaiti, yenye nikeli kama asilimia 5 hadi 7, na taenaiti, ambayo aghlabu hupita 20. Ndiyo ile michirizi inayokatana unayoiona bapa likisuguliwa na kutiwa asidi. Unyevu ukiingia, metali hizo mbili zilizogusana hufanya kama betri, na ile maskini wa nikeli ndiyo inayoliwa. Mzee mwenyewe anayajua haya kwa jina jingine: vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye tumbo la meli ili viliwe vyenyewe, chuma kisalimike. Kwenye bapa lake, zinki ni kamasaiti, na kamasaiti ndiyo sehemu kubwa ya bapa. Hoba haimsaidii hapa: nikeli yake ni nyingi hata haina michirizi ile mipana, na pamoja na hayo imezungukwa na ganda nene la kutu yake yenyewe.

Kisha chumvi. Mwaka 1989 wataalamu wa vimondo Vagn Buchwald na Roy Clarke walionyesha kwamba kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi, inayokula vimondo hutoka hapa hapa duniani, si angani. Walichunguza vimondo vya Antaktika, kwenye barafu, na kutu ilikuwa imo. Kloridi hujificha ndani ya kutu, kwenye madini yaitwayo akaganeiti, ikasogea mbele kila chuma kinapoliwa. Ndiyo maana bapa huonekana zima kwa nje, halafu siku ya unyevu likatoka matone ya kahawia kama jasho. Sasa fikiria nyumba iliyo hatua chache kutoka baharini, madirisha wazi wakati wa kusi, na vidole vya kila mgeni vikiacha jasho juu ya chuma. Mabati yetu tunayajua. Jambia la Farao lilifungiwa katika ukame. Kisanduku anachokitaka kijana ni kaburi hilo hilo kwa udogo.

Mombasa si mgeni wa kazi hii. Meli ya Wareno Santo António de Tanna ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, na vitu vyake vilipoanza kuopolewa mwaka 1977, kuvitoa chumvi ndiyo iliyokuwa kazi ndefu.

Kwa Mbozi, mbali na bahari, ningemwachia mzee hoja yake ya kugusa. Kwa sebule ya Mji wa Kale, hapana. Bapa lisafishwe, likaushwe kabisa, litiwe kisandukuni pamoja na vile vijifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na vibadilishwe vikishiba. Akija mtoto, mzee alitoe, amvishe glavu, ampe alishike. Jana nilimwonyesha alama ya kahawia pembezoni mwa bapa, ukubwa wa punje ya mtama. Aliifuta kwa kitambaa. Leo asubuhi imerudi.