Mpeni Maiki Hata Ambaye Hajajibiwa

Kipindi cha ushuhuda Jumapili kina mpangilio wake, na anayesali Dar es Salaam anaujua, awe wa Kimara au wa Mbagala. Mtu anapita mbele, anashika maiki, "Bwana Yesu asifiwe," kanisa linaitikia "Amina." Halafu inakuja habari yenyewe. Alikaa mtaani bila kazi, akafunga na kuomba, sasa ameajiriwa bandarini. Alikuwa mpangaji wa chumba kimoja, sasa ana kiwanja Kigamboni na jamvi limeshamwagwa. Vigelegele, makofi, kinanda kinapokea.

Sina ugomvi na watu hao. Aliyetendewa ashukuru, tena ashukuru kwa sauti. Ninachouliza ni nani hapiti mbele. Hapiti mama anayewakwepa wadai wa kausha damu, ule mkopo wa riba kali. Hapiti kijana mwenye shahada anayeendesha bodaboda huku wazazi wake kijijini wakiamini yuko ofisini. Hapiti baba anayekwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, maana figo zake zimekataa. Wote hawa wamo ibadani. Wanakaa viti vya nyuma, wanatoa sadaka, wanawapigia wenzao makofi, wanaondoka.

Nionavyo mimi, tumefundishana kimyakimya kwamba furaha ni risiti, unakabidhiwa maombi yako yakishajibiwa. Asiye nayo ananyamaza. Akinyamaza muda mrefu anaanza kujishuku: labda imani yangu haba, labda ukoo wetu una laana. Hapo ndipo anapokuwa mteja wa chupa ya maji ya upako, na mji huu hauna uhaba wa wauzaji.

Tukitaka kuhubiri furaha, tunaikimbilia barua ya Paulo kwa Wafilipi. "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Mstari huo umebandikwa kwenye kuta za sebule nyingi. Aliyeuandika alikuwa mahabusu, amefungwa minyororo, na katika sura ya kwanza anapima waziwazi uwezekano wa kufa. Barua nzima ina sura nne tu, lakini furaha imetajwa humo tena na tena. Mlango wa gereza haujafunguliwa wakati anaandika. Hana ushuhuda wa aina ile tunayoipenda.

Ukiisoma bila haraka utakuta jambo ambalo mahubiri mengi yanaliruka. Wafilipi walimtuma mtu aitwaye Epafrodito ampelekee Paulo msaada. Mtu huyo akaugua karibu afe. Alipopona, Paulo aliandika kwamba Mungu amemhurumia na yeye pia, asije akawa na huzuni juu ya huzuni. Sikiliza hilo vizuri. Ni kalamu ileile, barua ileile. Anayewaambia wenzake wafurahi siku zote anakiri kuwa huzuni anayo tayari, na nyingine ilikuwa njiani. Haoni kwamba moja inaifuta nyingine. Na karibu na mwisho anasema alifurahi sana waliponyoosha mkono tena kumsaidia, akawasifu kwa kushiriki dhiki yake. Mfungwa wa enzi zile alitegemea sana ndugu na marafiki kwa chakula na mahitaji. Kwa hiyo furaha yake ilikuwa katika Bwana, sawa, lakini ilibisha hodi kwa miguu ya Epafrodito.

Ndiyo maana naamini mahali pa kuitafuta furaha ya kudumu katika mji huu si jukwaani, ni kwenye jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa kanda ya Afrika Mashariki waliamua mwaka 1976 kuzipa kipaumbele jumuiya ndogondogo, na Walutheri nao wanakutana nyumba kwa nyumba. Sisi tunakutana Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajawahi biashara zao: viti vya plastiki uani, mkeka kwa watoto, jogoo wa jirani anaingilia sala bila aibu. Pale hakuna kinanda. Mtu anasema mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na yeye ana ya mmoja. Tunaomba, kisha kofia inazunguka. Mara nyingine kinachopatikana hakitoshi, tunajua hakitoshi, naye anajua.

Mjane mmoja wa jumuiya yetu alipofiwa, kwaya ilikesha kama kawaida. Dar tunajua kuzika: turubai, maturubali ya ziada kwa majirani, michango kwenye kundi la WhatsApp, bajeti mpaka ya maji ya chupa. Shida huanza turubai likishashushwa. Akina mama wachache waliendelea kwenda kwake, wanachambua mchele, wanamsaidia kufua, wanakaa tu. Siku moja mmoja wao akasimulia jinsi marehemu alivyozoea kugombana na makonda kwa chenji ya shilingi mia, na mjane akacheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka. Ada ya watoto ilikuwa bado inadaiwa. Hakuna kilichojibiwa siku ile. Sijaona furaha ya Kikristo kwa ukaribu zaidi ya hapo.

Kuna watakaosema ushuhuda wa shida utaipooza ibada. Basi wamwulize Habakuki, aliyeorodhesha mtini usiochanua na zizi lisilo na kundi, akasema hata hivyo atamfurahia Bwana. Kitabu kikaisha bila ng'ombe hata mmoja kurudi. Wasome Zaburi ya 88, inayokomea gizani. Waisraeli waliiimba, na hakuna aliyeinyofoa kwenye Biblia ili kulinda hali ya ibada.

Niseme na hili, kwa sababu linanikera. Wapo wahubiri ambao kila huzuni kwao ni pepo. Mtu asiyelala wiki baada ya wiki, asiyeona sababu ya kuamka, anakemewa mpaka anachoka zaidi. Mtu huyo apelekwe hospitali. Muhimbili kuna madaktari wa magonjwa ya akili, na kumeza dawa hakumpunguzii mtu wokovu. Tumwombee, ndiyo, na tumsindikize kliniki.

Pia sitaki tugeuze mateso kuwa maonyesho. Asiyetaka kusema asilazimishwe, na mambo ya ndoa ya mtu yasitangazwe kwa spika mtaa mzima. Lakini mchungaji au katekista anaweza kabisa kumfuata yule baba wa kusafishwa damu, amwulize kama angependa kutuambia ni nini kinamfanya aendelee kuja. Aseme kwa maneno yake, bila kumalizia kwa "sasa nimepona". Sisi tuitikie amina ileile tuliyomwitikia mwenye kiwanja Kigamboni.

Dakika tano zinatosha. Kama ratiba ya ibada imebana, zipatikane kwenye matangazo, hasa lile la kitenge cha sare ambalo tumelisikia tangu Pasaka.