Mwenyeji asiyeshtakiwa: Tanzania na Mahakama ya Afrika

Mmalawi anayedai serikali yake imemvunjia haki anaweza kuleta shauri lake Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mghana vilevile. Mkazi wa Ngarenaro, anayeishi mji uleule wenye Mahakama hiyo, hawezi. Tangu 22 Novemba 2020 raia wa Tanzania hana ruhusa ya kufungua kesi mpya pale dhidi ya serikali yake, ingawa nchi yake ndiyo mwenyeji, na ingawa Watanzania wawili, Jaji Augustino Ramadhani na Jaji Imani Aboud, wamewahi kuwa marais wa Mahakama hiyo.

Chanzo ni kifungu cha 34(6) cha itifaki iliyoianzisha Mahakama hiyo, iliyopitishwa Ouagadougou mwaka 1998 na kuanza kutumika 2004. Kuridhia itifaki peke yake hakumpi raia haki ya kushtaki. Nchi inatakiwa iweke tamko la pili, la hiari, kwamba inakubali kushtakiwa na watu binafsi na asasi. Ni kifungu cha maafikiano: marais wa nchi za Afrika walitaka mahakama, lakini hawakutaka iwafikie kirahisi. Nchi zaidi ya 30 zimeridhia itifaki hiyo, na zilizowahi kuweka tamko ni 12 tu. Tanzania iliweka lake mwaka 2010, ikatoa notisi ya kuliondoa Novemba 2019. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2016, na ni katika shauri lake Mahakama ilipoamua kwamba notisi ya kujiondoa huanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja na haigusi kesi zilizokwishafunguliwa. Benin na Ivory Coast zilifuata mwaka 2020, na Tunisia mwaka 2025.

Je, Tanzania ilikosea? Kisheria, hapana. Tamko ni la hiari, na Mahakama yenyewe ilishasema nchi inaweza kuliondoa. Ubishi uliopo ni juu ya sababu.

Serikali ilidai kwamba tamko lilikuwa likitekelezwa kinyume na masharti ambayo Tanzania iliyaambatanisha tangu mwanzo: kwamba mtu aende Arusha baada ya kumaliza njia zote za kisheria za ndani, na kwa kuzingatia Katiba ya nchi. Wanaharakati wengi walilichukulia dai hili kama kisingizio kitupu. Mimi naona lina uzito kuliko wanavyokiri.

Ukipitia mashauri ya Tanzania pale Arusha, hukutani sana na wanasiasa wala waandishi wa habari. Unakutana na wafungwa, wengi wao wa gereza la Butimba, Mwanza, wengine wa Uyui, Tabora. Simulizi inajirudia. Mtu ameshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha katika Mahakama ya Wilaya. Amejitetea mwenyewe bila wakili. Amehukumiwa miaka 30, ambayo ndiyo adhabu ya chini kabisa kwa kosa hilo. Amekata rufaa Mahakama Kuu, imetupwa. Amekwenda Mahakama ya Rufani, imetupwa pia. Ndipo anaandika Arusha: shahidi alidai kunitambua usiku na mwanga haukutosha, gwaride la utambuzi lilikuwa na kasoro, na sikupewa wakili.

Malalamiko mawili ya kwanza ni ya ushahidi, na majaji watatu wa Rufani walikwisha kuyapima. Wakili wa serikali akiuliza kwa nini mahakama ya kimataifa iyapime tena, hiyo si hoja ya kidikteta. Mahakama yenyewe, katika shauri la Mtingwi dhidi ya Malawi mwaka 2013, ilikubali kwamba haina mamlaka ya kusikiliza rufaa kutoka mahakama za nchi. Ila ilijiachia nafasi ya kuangalia kama mwenendo wa kesi ulifikia viwango vya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mpaka kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba, japo kwa haki yake Mahakama mara nyingi ilikataa kugusa upimaji wa ushahidi uliofanywa nyumbani.

Mvutano mkali zaidi ulikuwa juu ya njia za ndani. Kila mara mawakili wa serikali walisema mfungwa alikuwa bado na nafasi mbili: kuomba marejeo katika Mahakama ya Rufani, yaani iupitie upya uamuzi wake yenyewe, na kufungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Na kila mara Mahakama ilijibu kwamba hizo si njia za kawaida, hivyo mtu halazimiki kuzipitia. Kwa marejeo nakubaliana nayo, kwa sababu vigezo vyake ni finyu mno na waombaji wengi hugonga mwamba. Kwa shauri la kikatiba nasita. Mahakama Kuu ya Tanzania ina historia ya kuthubutu katika mashauri ya haki, na kuiruka ni kuinyima nafasi ya kurekebisha mambo yenyewe.

Ningeiunga mkono serikali hadi mwisho hapa, isingekuwa jambo moja. Juni 2020, wakati mwaka wa notisi ukiendelea kuhesabika, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria hiyohiyo yanayomtaka mlalamikaji aape na kuonyesha jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Mashauri ya maslahi ya umma yakabanwa papo hapo. Huwezi kumwambia mtu akamalize kwanza njia ya nyumbani huku unaifinya.

Kuhusu lile lalamiko la tatu, la wakili, sioni utetezi. Mtu anayekabiliwa na miaka 30, ambaye pengine hajui hata kumhoji shahidi, anahitaji wakili. Mshtakiwa wa mauaji Mahakama Kuu alikuwa akipewa. Wa unyang'anyi wilayani, hapana. Mahakama ya Afrika ilisema hivyo kesi baada ya kesi, na mwaka 2017 Tanzania ikatunga Sheria ya Msaada wa Kisheria. Sidai kwamba Arusha pekee ndiyo iliyoileta, lakini hukumu hizo zilikuwa mezani.

Sasa tuje kwenye kesi za siasa, chache kwa idadi, nzito kwa athari. Mchungaji na mwanasiasa Christopher Mtikila alidai haki ya mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, kuanzia miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 1994. Bunge likabadilisha Katiba kuuzima. Akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Ramadhani, ikatengua na kusema suala hilo ni la kisiasa, liachiwe Bunge. Mtikila akaenda Arusha, na Juni 2013 akashinda. Ramadhani alikuwa tayari jaji wa Mahakama ya Afrika, lakini hakusikiliza shauri hilo kwa kuwa itifaki hairuhusu jaji kukalia kesi ya nchi yake. Mtikila alifariki Oktoba 2015, na uchaguzi wa mwezi huohuo ulifanyika bila mgombea binafsi. Ndivyo ilivyokuwa pia 2020 na 2025.

Hoja ya mamlaka ya nchi inasikika vizuri katika kesi kama hii: kwa nini majaji kutoka nchi nyingine wawapangie Watanzania mfumo wa uchaguzi, wakati wapo wabunge waliochaguliwa? Swali ni halali. Lakini kila mbunge wa jimbo aliingia bungeni kwa tiketi ya chama. Kuwaachia hao peke yao waamue kama vyama vipate mshindani ni kumfanya mhusika kuwa mwamuzi. Halafu Watanzania walipoulizwa na Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya Katiba mpya, rasimu ya Katiba iliyotoka ilikuwa na mgombea huru, yaani huyohuyo mgombea binafsi, ndani yake. Profesa Palamagamba Kabudi alikuwa mjumbe wa tume hiyo. Ndiye pia aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje notisi ilipowasilishwa. Siasa za nchi yetu zina mizunguko yake.

Wapo wanaosema serikali ilijiondoa kwa hasira ya hukumu ya adhabu ya kifo. Tarehe haziwaungi mkono. Notisi iliwasilishwa 21 Novemba 2019, na hukumu iliyosema kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka haki ya uhai ilisomwa 28 Novemba, wiki moja baadaye. Kwa Ivory Coast kisasi kinaonekana wazi zaidi: Mahakama ilitoa amri ya muda kuhusu Guillaume Soro, waziri mkuu wa zamani wa nchi hiyo, 22 Aprili 2020, na kabla ya mwezi kwisha nchi ikatangaza kuondoa tamko. Kwa Tanzania naona zaidi uchovu wa kushtakiwa kuliko hasira ya kesi moja. Kwa hesabu ya Amnesty International, hadi Septemba 2019 karibu asilimia 40 ya maamuzi ya Mahakama yalihusu Tanzania.

Idadi hiyo nayo isitumiwe vibaya. Nchi zilizoweka tamko zilikuwa chache, Mahakama iko hapahapa, na wafungwa walifundishana namna ya kuandika maombi. Wingi wa kesi hauthibitishi kwamba Tanzania ilikuwa mbaya kuliko nchi ambazo hazikuthubutu kabisa kuweka tamko. Kenya haijawahi kuliweka, na hakuna aliyeipigia kelele kwa kiwango hicho.

Wanaotetea uamuzi wa 2019 husema milango mingine ipo. Ni kweli, kwa kiasi. Waogiek wa msitu wa Mau waliishinda Kenya Arusha mwaka 2017 bila tamko lolote, kwa sababu Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul ndiyo iliyowapelekea kesi. Malalamiko yao yalifika kwenye Tume mwaka 2009. Uamuzi wa fidia ulitoka 2022. Na kesi ambazo Tume imezipeleka mahakamani zinahesabika kwa vidole. Ipo pia Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha hiyohiyo, ambayo haidai tamko wala kumaliza njia za ndani. Machi 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kwa asasi na waandishi wa habari huo ni mlango wa kweli. Lakini shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu tukio, muda ambao asasi yenye mawakili mjini inaweza kuumudu. Mfungwa wa Butimba anayesubiri nakala ya hukumu yake hana uhakika huo.

Kwa maoni yangu, serikali ilikuwa na lalamiko la kweli ikachagua dawa kubwa kupita ugonjwa. Kama tatizo lilikuwa kesi za jinai kurudiwa Arusha, tamko lingeweza kuwekwa upya likiwa na sharti lililoandikwa waziwazi: mashauri ya jinai yapite kwanza Mahakama Kuu kama shauri la kikatiba, na ile sheria iliyobanwa mwaka 2020 irudishwe ilivyokuwa. Wapo wanasheria watakaobisha kwamba sharti la namna hiyo linagongana na lengo la itifaki, na huenda Mahakama ikalikataa. Acha ilikatae kwa hukumu yenye sababu, serikali ikiwa ndani ya chumba cha mahakama inajibu hoja.