Folda inapodai repo yake

Kila mradi unaodumu hufika siku mtu mmoja kwenye timu anasema: "Folda hii itoke, ipewe repo yake," yaani ghala lake la Git, programu inayotunza msimbo na historia ya mabadiliko yake. Mara nyingi ni folda iliyoanza na faili mbili tatu za kazi ndogondogo, kusoma mipangilio au kupanga tarehe, ikanenepa taratibu mpaka miradi mingine ikaanza kuiazima. Pendekezo husikika la busara, na anayelipinga huonekana mvivu. Nimewahi kukaa pande zote mbili za ubishi huu. Ninachokiona ni kwamba muda mwingi huishia kwenye swali la amri ipi itumike kukata, na mchache mno kwenye swali la kama pana mahali pa kukatia.

Amri zenyewe hazina shida. Ipo git subtree split, inayochambua historia na kukupa tawi lenye komiti (mabadiliko yaliyorekodiwa) za folda ile tu. Ipo git filter-repo, ambayo husakinishwa peke yake na ndiyo inayopendekezwa na nyaraka za Git badala ya filter-branch ya zamani, iliyo polepole na yenye mitego mingi. Fanya klona mpya, yaani nakala kamili ya repo, taja folda, subiri kidogo, na repo ndogo iko tayari ikiwa na waandishi na tarehe zake.

Ila historia hiyo si ile ile. Heshi ya komiti, yaani utambulisho wake, hukokotolewa pamoja na heshi ya mzazi wake, komiti iliyoitangulia, kwa hiyo ukigusa komiti moja ya zamani, zote zinazoifuata hupata heshi mpya. Kila tiketi na kila ujumbe uliosema "tazama komiti fulani" sasa unaelekeza kwenye kitu ambacho repo mpya haikijui. Filter-repo huacha faili la commit-map lenye heshi ya zamani na mpya bega kwa bega. Lihifadhi, maana wengi hulifuta pamoja na klona ya kazi. Kuna na mtego wa majina. Faili lililozaliwa kwenye folda nyingine kisha likahamishiwa hapa, historia yake ya kabla ya kuhama haitakuja usipotaja njia ya zamani pia. Chaguo la --analyze hutoa ripoti ya majina yaliyobadilishwa, na ni dakika chache zinazookoa miaka ya git blame, amri inayoonyesha nani aliandika mstari upi. Na kama nia ni kuufungulia umma sehemu hiyo, kumbuka kwamba nywila iliyowahi kuandikwa ndani ya folda ile ikafutwa siku iliyofuata bado imo, na itasafiri na mizigo mingine.

Sasa hoja yenyewe. Wanaotaka kutenganisha wana mfano mkubwa. Desemba 2005 mradi wa X.Org, unaotengeneza mfumo wa madirisha wa Unix na Linux, ulitoa X11R6.9 na X11R7.0 kwa pamoja: msimbo ni ule ule, lakini la kwanza lilikuwa mti mmoja mkubwa na la pili limegawanywa katika moduli. Tangu hapo dereva wa kadi ya picha angeweza kupata toleo jipya bila kuusubiri mfumo mzima. Faida hiyo ni ya kweli pale ambapo sehemu zina mwendo tofauti na watunzaji tofauti. Ongeza suala la ruhusa: Git haina namna ya kumruhusu mtu asome folda moja na kumnyima nyingine ndani ya repo hiyo hiyo. Ukitaka mgeni aone maktaba asione mengine, hapo hakuna mjadala, itenganishe.

Upande wa pili una LLVM, mradi wa zana za kutengenezea vikusanyaji (compiler). Walipoiacha Subversion, mfumo mwingine wa kutunza historia, na kuhamia Git mwaka 2019, walikuwa na nafasi ya kuipa kila sehemu repo yake, na wazo la kuziunganisha kwa sabmoduli, yaani repo inayoelekeza kwenye repo nyingine, lilijadiliwa. Wakachagua repo moja, llvm-project. Sababu anaijua yeyote aliyewahi kubadilisha fankisheni inayoitwa na Clang, kikusanyaji cha C cha mradi huo, huku imeandikwa kwenye kiini cha LLVM: ndani ya repo moja ni komiti moja, majaribio mara moja, na git bisect inakupeleka moja kwa moja hadi kosa lilipoingia. Katika repo mbili unabadilisha huku, unatoa toleo, unakwenda kule kupandisha namba ya kitegemezi, na katikati kuna kipindi ambapo pande hizo mbili hazielewani. Hilo hutokea kila mara, si siku ya kuhama tu.

Kwa hiyo mizani yangu haianzi na ukubwa wa folda. Inaanza na git log --full-diff --name-only ikifuatiwa na njia ya folda husika. Bila --full-diff utaonyeshwa faili za folda ile pekee. Ukiiweka, unaona kila faili lililoguswa na komiti hizo. Soma za mwaka mmoja. Kama nyingi zimegusa ndani na nje kwa pamoja, mpaka unaoufikiria haupo, na kuuchora kwa repo hakutaufanya uwepo. Utakuwa umegeuza komiti moja kuwa mbili na kupata kazi ya kuzioanisha. Kama ni chache, na hizo chache ni marekebisho ya majina tu, basi folda ilishajitenga zamani, imebaki kuandikiwa anwani.

Hali ya kati ndiyo ngumu, na hapo napenda njia ya Symfony, mfumo wa kuundia tovuti kwa PHP, kuliko wanavyoipenda wapenzi wa usafi. Kazi yote hufanyika kwenye repo kuu, kisha kila kijenzi hukatwa na kuchapishwa kwenye repo yake ya kusomwa tu. Inawezekana kwa sababu kuikata upya historia ile ile kwa subtree split huleta heshi zile zile, kwa hiyo nakala husonga mbele bila kuwavuruga walioiklona. Gharama ni kwamba mchangiaji anayefika kwenye repo ndogo akiwa na marekebisho mkononi hana budi kuelekezwa kwenye ile kubwa, na wengine huishia mlangoni.

Ukishaamua kukata, repo ya zamani usiiandike upya. Ifute folda kwa komiti ya kawaida, na katika ujumbe wake utaje anwani ya repo mpya pamoja na heshi ya komiti ya mwisho iliyohamishwa. Atakayewinda kosa baada ya miaka miwili ataandika git log -- ikifuatiwa na njia ya folda ambayo haipo tena, na komiti ya kwanza kumtokea itakuwa hiyo.