Mkono wa mwenzako ukisonga, wako unafanya nini?

Kuna maneno yanazunguka sana siku hizi, kwa wasap, kwa mahubiri, hata kwa hizi semina za vijana za biashara, ati ukiangalia mtu akifanya kitu na mikono yake mwili wako unaifanya hio kitu ndani kwa ndani, kwa hivyo ukiangalia vya kutosha utajua, na tena hio ndio siri ya binadamu kuoneana huruma. Nusu ya hayo ni kweli na imepimwa. Nusu ingine imevutwa mbali kuliko venye ushahidi unaruhusu, na hii si hoja ya kupiga domo tu ju kuna watu wanaumia nayo: msichana anatolewa Siaya analetwa Kondele, Kisumu, kufundishwa kusuka nywele, analipiwa, alafu anakaa kwa kiti miezi mingi anaangalia tu mikono ya wenzake, ama mzee anapata kiharusi na familia inaamini kazi yao ni kumwekea vidio za mazoezi basi.

Tuanze penye hakuna ubishi. Mwanzo wa miaka ya 1990 huko Parma, Italia, Giacomo Rizzolatti na wenzake walikuwa wanapima seli moja moja kwa ubongo wa nyani, wakakuta kuna seli zinawaka nyani akishika kitu na zinawaka tena akiona mtu akishika hio kitu, hata kama yeye mwenyewe ametulia. Waliandika hayo mwaka wa 1992, na baadaye seli hizo zikaitwa niuroni za kioo. Kwa binadamu huwezi kufungua kichwa ovyo, kwa hivyo mwaka wa 1995 Luciano Fadiga alitumia njia ingine, kifaa cha sumaku kinawekwa juu ya kichwa kinagusa ile sehemu ya ubongo inayoendesha misuli, alafu nyaya zinabandikwa kwa mkono kuona misuli inashtuka kiasi gani. Mtu akiwa anaangalia mwenzake akishika kitu, misuli yake ya mkono ilishtuka zaidi, na si misuli yoyote, ni ile ile angetumia kama ni yeye anashika. Mkono uko mapajani, lakini njia ya kuufikia imeshafunguka. Hio imerudiwa na watu wengi sana na mimi siioni ikianguka.

Kitu watu hawakwambii ni kwamba kuna breki pia. Mwaka wa 2001 watafiti wa huko huko Italia walipima chini, kwa uti wa mgongo, wakakuta mambo yamegeuka: mtu akiona mkono ukifunguka, ni refleksi, yaani ile kushtuka yenyewe bila kuamua, ya misuli ya kukunja vidole ndio inapanda, akiona mkono ukifunga inashuka, yaani juu kwa ubongo kunafunguka na huku chini kwa uti wa mgongo kunazuiwa. Na mwaka wa 2010 Marekani, timu ya Roy Mukamel ilipima seli moja moja kwa wagonjwa 21 wa kifafa ambao walikuwa tayari wamewekewa nyaya kwa ubongo kwa sababu ya matibabu, wakakuta seli zingine zinawaka mtu akifanya kitendo na zinazimika akikiangalia tu. Daktari mmoja Mfaransa, François Lhermitte, miaka ya 1980 alieleza wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo wakawa wanaiga ishara za daktari bila kuambiwa, akigusa pua wanagusa pua. Sisi wengine hatufanyi hivyo ju breki iko. Kwa hivyo ile picha ya mwili kama kitu kinachovutwa tu na mikono ya wengine haijakamilika.

Sasa ubishi wenyewe. Upande mmoja ulisema hizi seli tumezaliwa nazo kwa kazi ya kuelewa wenzetu, na ndio zinabeba lugha, huruma, kuiga, karibu kila kitu. Mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran aliandika mwaka wa 2000 kwamba zitafanyia saikolojia kile DNA ilifanyia biolojia. Naelewa kwa nini watu walifurahi, hata mimi nafurahi, ni jambo zuri sana kujua kuna kitu kwa mwili kinachokuunganisha na mtu hujawahi hata kuongea naye. Simama stegi ya Kisumu asubuhi uone makanga na dereva wanavyoongea na vidole tu kutoka mbali, huyu anainua mkono, yule ameshaelewa gari limejaa ama askari wako mbele.

Upande wa pili, Gregory Hickok, mtafiti wa ubongo na lugha wa Marekani, ameandika tangu 2009 na akatoa kitabu kizima mwaka wa 2014 akisema kuelewa hakutoki kwa misuli, na mfano wake ni rahisi, unaelewa vizuri sana vitu mwili wako hauwezi kufanya, unaelewa ndege akiruka. Na mwanasaikolojia Cecilia Heyes wa Uingereza anasema hizi seli hazikuja na kazi maalum, zinatengenezwa na mazoea: umeona mkono wako ukisonga wakati unausonga mara nyingi sana tangu utoto, basi kuona na kufanya vikashikana. Ushahidi wenye ulinivuta kwa huu upande ni wa 2007, yeye na Caroline Catmur na Vincent Walsh walichukua watu wakawazoesha kinyume, ukiona kidole cha shahada kikisonga wewe songesha kidole cha mwisho, na ukiona cha mwisho songesha cha shahada. Baada ya hayo mazoezi wakapima na ile sumaku. Misuli ilikuwa imegeuka, ukiona kidole cha shahada ni kidole cha mwisho kinashtuka. Kama ingekuwa ni kitu kimechongwa tangu tumboni isingebadilika haraka hivyo.

Lakini hapa mtu anaeza uliza, basi si ni kuona tu, si kuona sana ndio mazoea yenyewe? Hapana, na hili ndilo jambo naona watu wa huku wangelishika. Beatriz Calvo-Merino na wenzake London walipima wacheza baleti mwaka wa 2005 na wacheza kapoeira, ile densi ya mapigano ya Brazil, wakiangalia baleti na kapoeira, sehemu za ubongo za mwendo zikawaka zaidi kwa ile densi mtu anacheza mwenyewe. Mwaka uliofuata wakauliza swali kali zaidi. Kwa baleti kuna hatua za wanaume na kuna za wanawake, na wanafanya mazoezi pamoja, kwa hivyo mwanamume ameona hatua za wanawake mara nyingi tu kama vile ameona zake, tofauti ni kwamba hajawahi kuzicheza. Na ubongo ulijua hio tofauti, uliwaka zaidi kwa zile hatua amecheza na mwili wake. Fikiria isukuti, ile ngoma ya Waisukha na Waidakho kule Kakamega, ambayo UNESCO iliiweka mwaka wa 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mtoto anayekua akiangalia isukuti kwa simu tu anaeza kuipenda, anaeza hata kutikisa mabega, lakini kwa hesabu ya hao wacheza baleti mwili wake hauioni venye mwili wa mtu aliyeipiga ngoma na kuicheza unaiona. Kama tunataka ilindwe, kurekodi ni nusu ya kazi na pengine ni ile nusu ndogo.

Salvatore Aglioti na wenzake wa Roma nao mwaka wa 2008 walileta wachezaji wa basketi, makocha na waandishi wa michezo ambao wameangalia mechi maisha yao yote, na watu wasiojua mchezo. Wakawaonyesha mtu akirusha mpira na kukatiza vidio katikati, utaingia ama hautaingia? Wachezaji walisoma mwili wa mrushaji, wakajua hata kabla mpira haujatoka mkononi. Misuli ya mkono ya makocha na waandishi ilishtuka pia, hio tusiwanyime, lakini kutofautisha mpira utakaokosa na utakaoingia, hapo ni misuli ya wachezaji tu iliweza.

Kuna jambo moja linanifanya nisiegemee hata upande wa Heyes moja kwa moja. Mwaka wa 2010 Karen Emmorey na wenzake Marekani walipima viziwi wanaoongea lugha ya ishara wakiangalia mtu akiigiza vitendo na mikono, na zile sehemu zinazoitwa za kioo karibu zilinyamaza, wakati kwa watu wanaosikia ziliwaka. Hawa ni watu mikono ndio mdomo wao, wamefanya na kuona kuliko sisi wote, ungetarajia wawake kama taa. Inaonekana ukizoea sana kusoma mikono unaelewa bila kupitia misuli. Sisi hapa tuna shule za viziwi kama Nyang'oma kule Bondo na ya Mumias, na katiba ya 2010 imefanya lugha ya ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya bunge, kwa hivyo jambo hili linatuhusu, na mtu akikwambia lugha ya ishara inaeleweka kwa hizi seli, mkatalie.

Kwa wagonjwa naona matumaini lakini kwa masharti. Mwaka wa 2007 Denis Ertelt na wenzake walipea watu waliopata kiharusi wiki 4 za kuangalia vidio za mikono ikifanya kazi za kila siku, na baada ya kila kipande mgonjwa anajaribu kile kitendo mwenyewe. Kundi lingine lilifanya mazoezi yale yale lakini likaangalia michoro tu. Kundi la kwanza liliendelea vizuri zaidi. Walikuwa wagonjwa wachache, lakini tafiti za baadaye zikiwekwa pamoja zinaelekea huko pia. Sasa soma vizuri, hakuna mtu hapo aliyewekwa mbele ya skrini akaachwa. Mama anayemtunza mzee Nyalenda na hana pesa ya fiziotherapia kila wiki, akae mbele yake, anyanyue kikombe polepole mzee akiona, alafu mzee ajaribu, hata kama mkono unasonga kidogo tu, wakirudia hivyo, na akipata nafasi ya kumuona mtaalamu amuulize ni vitendo gani vinamfaa.

Na kwa wazazi wanaopeleka mabinti saluni Kondele ama Nakuru mjini, kuangalia kwa siku za kwanza ni sawa, kunatayarisha mkono, hio imepimwa. Lakini kabla hujatoa hata shilingi muulize mwenye saluni ni wiki ya ngapi msichana atapewa uzi na kichwa ashike, hata kama ni kile cha plastiki cha mazoezi, na kama hana jibu peleka pesa yako kwa mwingine.