Fila za uso: aibu ina gharama yake

Picha ya mwanamke maarufu aliyejaza midomo ikipita mtandaoni, maoni huwa ni yaleyale: hakuridhika na alivyoumbwa, ana pesa za kuchezea, ngoja azeeke tuone. Nimeyasoma kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, cha Mombasa, na cha ndugu zetu walioko London na Dubai. Wanaosema hivyo wana hoja, na nitaifikia. Lakini mjadala ukianzia kwenye kejeli unamsahau mtu aliyepaswa kusikilizwa kwanza, yaani yule aliyekaa kwenye kiti akisubiri sindano.

Fila ni kitu kinachochomwa kwa sindano chini ya ngozi ili kuijaza. Nyingi za leo ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza na ambacho hushika maji. Bomba moja huwa na mililita 1, moja ya tano ya kijiko cha chai, na mara nyingi hilo linatosha midomo yote miwili. Baada ya miezi kadhaa, au mwaka na zaidi, mwili huanza kuimaliza. Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa urembo, ISAPS, kilikadiria kuwa mwaka 2023 sindano hizi zilichomwa zaidi ya mara milioni 5 duniani, na hesabu hiyo ni ya madaktari wa upasuaji tu. Saluni, vyumba vya hoteli na sebule za watu hazimo.

Milioni zote hizo tunaziita ulimbwende, na hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Sisi Afrika Mashariki tulipaswa kuwa wa kwanza kujua kwamba uso uliobonyea unaweza kuwa ugonjwa. Katikati ya miaka ya 2000, ARV zilipoanza kuwafikia watu wengi, kidonge walichopewa wagonjwa wengi kilikuwa na stavudini ndani yake. Dawa ile iliwarudisha watu kutoka kaburini, hilo halina ubishi. Lakini kwa wengi ilikula mafuta ya chini ya ngozi: mashavu yakaingia ndani, panja za uso zikabonyea, mikono ikabaki mishipa mitupu. Mtu alikuwa amepata nguvu, amerudi kazini, na bado kila aliyekutana naye sokoni alisoma siri yake usoni. Wapo walioacha kwenda harusini na misibani. Wapo walioacha dawa. Novemba 2009 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi kuachana na stavudini, lakini mashavu yaliyokwisha kuondoka hayakurudi kirahisi.

Nchini Marekani wagonjwa wa namna hiyo walitengenezewa njia. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, iliidhinisha fila ya Sculptra kwa kazi hiyo mahususi, kujaza mashavu yaliyoliwa kwa watu wenye VVU. Mwaka 2010 bima ya serikali, Medicare, ikakubali kuwalipia wale ambao uso wao ulikuwa umewatia sonona. Katika programu zetu za ARV hakukuwa na sindano ya mashavu. Mgonjwa aliambiwa ashukuru Mungu yu hai.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba kujaza uso ni kuchezea uumbaji, nauliza: wa huyu pia? Wanazuoni wa pwani wana jibu la siku nyingi. Wanaokataza hutaja aya ya Sura An-Nisaa kuhusu kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu, na hadithi inayowalaani wanaochonga mwanya kwenye meno kwa ajili ya urembo. Lakini hao hao humtaja Arfaja bin As'ad, sahaba aliyepoteza pua vitani zama za jahiliya. Aliweka pua ya fedha, ikatoa harufu, na Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu. Kuondoa dhara kuna mlango wake. Tatizo ni kwamba dhara halipimwi kwa rula. Mama aliyepooza upande mmoja wa uso, kijana mwenye makovu ya ajali ya bodaboda, mwanamke aliyepungua kilo nyingi kwa maradhi na sasa kila mtu anamuuliza kama anaumwa: nani atasimama mlangoni kuamua huyu aingie, huyu abaki nje? Mimi siiwezi kazi hiyo, na simwamini anayesema anaiweza kwa kutazama picha kwenye simu.

Sasa hoja ya upande wa pili, ambayo ni nzito. Mahitaji haya hayatoki yote kwenye jeraha. Mengine yanatengenezwa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya jambo tulilolihisi muda mrefu: picha ya selfi iliyopigwa kwa umbali wa inchi 12, kama sentimeta 30, huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kwa umbali wa futi 5. Asilimia 30 si jambo dogo. Binti anajitazama kwenye kioo hicho cha uongo mara nyingi kwa siku, kisha anaingia kliniki kurekebisha pua ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona isipokuwa kamera yake. Na pua ni sehemu mojawapo ya hatari kabisa ya kuchoma fila. Anayetaka msichana huyo aambiwe ukweli kabla ya sindano ana haki yote. Daktari mwaminifu angempiga picha kutoka mbali, amwonyeshe, kisha amrudishe nyumbani na pesa yake.

Kadhalika suala la umri. Uingereza ilipiga marufuku kuwachoma wasichana na wavulana wa chini ya miaka 18 katika England kuanzia Oktoba 2021, na FDA yenyewe imeidhinisha fila kwa wenye miaka 22 na kuendelea. Mipaka hiyo naiunga mkono bila kusita. Inauma pia kuona midomo minene, ambayo bibi zetu walichekwa nayo katika nchi za watu, leo ikiuzwa kwa bomba.

Hata hivyo, kejeli haijamzuia hata mmoja wao. Inachofanya ni kumfundisha kujificha, na kujificha kwenye fila kunagharimu nyama ya mwili.

Hatari kubwa ya fila ni jeli kuingia ndani ya ateri, au kuibana kutoka nje, hadi damu isipite. Uso una mishipa inayopita kando ya mdomo na pua kisha kukutana na ile inayolisha jicho. Jeli ikisukumwa kinyume hadi huko, retina hukosa damu na huanza kufa kwa dakika, si kwa siku. Upofu wa namna hii ni nadra, lakini mwaka 2015 madaktari waliopitia ripoti za dunia nzima walihesabu watu 98 ambao uwezo wao wa kuona uliathirika, na miaka michache baadaye wakaongeza wengine 48. Inayotokea mara nyingi zaidi ni ngozi ya mdomo au ya pua kukosa damu: inapauka, inauma, inageuka madoadoa, mwisho inakufa na kuacha kovu.

Fila za hayaluroniki zina dawa ya kuziyeyusha, kimeng'enya kiitwacho hayaluronidasi. Kikichomwa mapema, mara nyingi ngozi hupona. Kwa hiyo suala zima ni muda. Mwanamke aliyechomwa kwa siri, ambaye mume hajui na dada zake wangemcheka, huanza kusikia maumivu usiku. Anamtumia ujumbe aliyemchoma, anajibiwa aweke barafu. Asubuhi anavaa barakoa. Hospitalini atafika siku ya tatu, na hata hapo hatamwambia daktari kilichompata mpaka aulizwe mara mbili. Na kama ngozi yake ni nyeusi kama yangu, kuna tatizo jingine: mpauko na madoadoa havionekani kirahisi. Mchomaji lazima ajue kubonyeza ngozi, kuachia, na kuhesabu damu inarudi kwa kasi gani. Asiyefundishwa hivyo atamwambia ni uvimbe wa kawaida, naye ataamini, kwa sababu ndivyo alivyotaka kusikia.

Uingereza, ambako soko hili ni kubwa na Waswahili wenzetu wengi wanaishi, imeonyesha vizuri jinsi serikali inavyoweza kukosea. Botox, sindano ya kulegeza misuli ili kupunguza mikunjo, ni dawa ya cheti huko. Fila si dawa, kwa hiyo kwa miaka mingi mtu yeyote mzima ameweza kuinunua na kuichoma. Mwaka 2013 tume ya serikali iliyoongozwa na daktari Sir Bruce Keogh ilionya kwamba fila ni janga linalosubiri kutokea, na kwamba anayechomwa hana ulinzi zaidi ya mtu aliyenunua mswaki. Lakini hayaluronidasi nayo ni dawa ya cheti. Tazama maana yake: mchomaji asiye na taaluma ya tiba anaruhusiwa kuziba ateri kwa bahati mbaya, lakini haruhusiwi kushika dawa ya kuizibua. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na sijapata hoja ya biashara wala ya uhuru wa mtu inayolihalalisha. Watetezi wa warembeshaji husema wengi wao ni wanawake wanaojitafutia riziki kwa mikono safi na uzoefu wa miaka, na ni kweli. Uzoefu huo hauwafungulii kabati la dawa.

Sheria ya mwaka 2022 iliipa serikali ya huko uwezo wa kuanzisha leseni, na Agosti 2025 ikatangaza mpango wake. Huduma za hatari kubwa, kama kujaza makalio kwa sindano, ziachiwe wataalamu wa afya wenye sifa. Fila za midomo na za uso zinahesabiwa za hatari ndogo zaidi, na leseni yake itatolewa na halmashauri kwa masharti ya usalama, mafunzo na bima. Ni hatua mbele, lakini mpaka umechorwa pabaya. Ateri ya mdomo haijui kwamba imewekwa kundi la pili. Ningeweka sharti moja juu ya mengine yote: mahali panapochomwa fila, awepo muda wote mtu mwenye haki ya kuchoma hayaluronidasi, na dawa yenyewe iwe chumbani. Sharti hilo halihitaji kusubiri London. Mamlaka zinazosimamia dawa na vifaa tiba Tanzania na Kenya zinaweza kuliandika sasa, kabla kliniki za urembo za Masaki, Dar es Salaam, na Kilimani, Nairobi, hazijawa nyingi kuliko wakaguzi. Na mteja anaweza kulidai leo hii kabla hajalala kitini: aombe kuonyeshwa chupa ya hayaluronidasi, asome tarehe ya mwisho wa matumizi, na aulize nani ataichoma mambo yakiharibika saa nne usiku.