Jino la titani na vidonge vya famasi

Ingia famasi ya Katuba au Kenya, hapa Lubumbashi, useme fizi zinatoa damu. Mara nyingi utatoka na Flagyl na amoksisilini, bila karatasi ya daktari. Siku hizi jibu hilo hilo linapewa hata mtu aliyepandikiziwa jino nje ya nchi, skrubu ya titani ndani ya mfupa wa taya, ambaye sasa fizi yake imevimba na kutoa usaha. Madaktari wa meno wanalalamika. Mimi nawaunga mkono, ila si kwa yote.

Muuza dawa hakukurupuka. Mwaka 1998 mtafiti Socransky na wenzake waliyapanga makundi ya bakteria wa chini ya fizi kwa rangi. Kundi jekundu, linaloandamana na fizi zilizoachana sana na jino, lina watatu: Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola. Wote hawapendi oksijeni, na dawa iliyo ndani ya Flagyl huua hasa bakteria wa aina hiyo. Mgonjwa akimeza, uvimbe unaweza kushuka kweli. Ukimwambia kwamba katapeliwa, atakucheka.

Lakini bakteria hao hawaelei ovyo mdomoni. Wanakaa ndani ya ukoga, tabaka la utelezi walilojijengea, na dawa hufika ndani yake kwa shida. Isitoshe, mfupa wa taya hauliwi na bakteria peke yao. Sehemu kubwa huharibiwa na kinga ya mwili wetu wenyewe, inayopigana bila kukoma na uchafu usioondolewa. (Wakongomani hatuhitaji kufundishwa jinsi askari waliokuja kulinda kijiji wanavyoweza kukimaliza.) Ukoga ukibaki, vita vinarudi vidonge vikiisha. Ndiyo maana hata daktari anayeandika dawa hizo mbili kwa hali kali huziandika pamoja na kukwangua ukoga, si badala yake.

Kwa titani mambo ni magumu zaidi. Jino la kuzaliwa limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzi. Titani hushikana na mfupa moja kwa moja. Daktari Brånemark wa Sweden alilitumia jambo hilo kwa mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Bila zile nyuzi, uvimbe ukianza huenea haraka kuelekea mfupani, na mikunjo ya skrubu inakuwa maficho ambayo mswaki haufiki. Tena mara nyingine huko hukutwa bakteria mwingine, Staphylococcus aureus. Flagyl haimfanyi kitu, na amoksisilini peke yake mara nyingi humshindwa. Kwa hiyo muuza dawa anayebahatisha kwa fizi za kawaida, hapa anabahatisha maradufu.

Sasa zamu ya madaktari. Aliyeng'oka meno kwa ugonjwa wa fizi yuko hatarini zaidi kuupata tena kuzunguka titani, kwa sababu bakteria huhama kutoka meno yaliyobaki. Je, anaambiwa hivyo kabla ya kulipa? Anaambiwa kwamba skrubu itahitaji kukaguliwa na kusafishwa maisha yote? Kila kampuni ina skrubu yake na bisibisi yake. Mgonjwa anayerudi Lubumbashi bila karatasi yenye jina na kipimo cha kilichomo tayani mwake, daktari wa hapa atakifungua kwa bisibisi gani? Daktari akishindwa, mgonjwa ataishia famasi, na sioni haki ya kumlaumu.